Sababu si Uhalali: Somo la Neno Moja kutoka Arua

Wanafunzi wengi wa Kiswahili wanapokutana na neno la Kiingereza "unjustifiable" hulitafsiri kwa haraka kuwa "jambo baya sana". Tafsiri hiyo inaeleweka, lakini kiini cha neno hupotea humo. Neno hilo halipimi ukubwa wa ubaya. Linasema kwamba jambo limetendwa, mtendaji ametoa sababu zake, sababu hizo zimesikilizwa, na hazikutosha. Ni neno la hukumu, na hukumu ya kweli hutanguliwa na kusikiliza.

Makala haya yanalenga kueleza maana ya neno hilo kwa kutumia historia ya Arua na Koboko, katika eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nimechagua eneo hili kwa kuwa wakazi wake, baada ya mwaka 1979, waliadhibiwa kwa makosa ya utawala ambao wengi wao hawakuwa na sauti ndani yake. Waliowaadhibu walikuwa na sababu. Swali letu ni kama sababu hizo zilitosha.

Neno lenyewe

Kiswahili hakina haja ya kuazima neno la kigeni kwa wazo hili, maana kinaweza kuliunda chenyewe. Tuanze na "halali", neno lililotoka katika Kiarabu. Kutokana nalo tunapata kitenzi "halalisha", yaani kulifanya jambo liwe halali, au kuonyesha kwamba ni halali. Tukikitia kitenzi hicho katika kauli ya kutendeka tunapata "halalishika", yaani kuweza kuhalalishwa. Kisha tunatumia kirejeshi cha kukanusha: kitendo kisichohalalishika, jambo lisilohalalishika, adhabu isiyohalalishika, mauaji yasiyohalalishika.

Mwanafunzi aangalie kwa makini tofauti kati ya kauli mbili: "kilihalalishwa" na "hakihalalishiki". Kauli ya kwanza inatueleza kilichofanywa na watu. Kauli ya pili inaeleza hali ya kitendo chenyewe. Kitendo kinaweza kuhalalishwa leo kwa amri ya mtawala, na bado kikawa hakihalalishiki. Tutauona mfano wake hapa chini.

Kabla ya kuingia katika historia, tutenganishe maneno manne ambayo wasemaji huyachanganya.

Sababu ni kile kinachofanya jambo litokee. Mvua ni sababu ya mafuriko, wala hatusemi kwamba mvua ina haki au haina.

Kisingizio ni sababu ya uongo inayotolewa ili kuificha ile ya kweli.

Udhuru ni sababu ya kweli inayopunguza lawama. Mwanafunzi aliyechelewa mtihani kwa kuwa daraja lilisombwa na maji amechelewa kweli, lakini hatumlaumu.

Uhalali ni jambo zito kuliko yote matatu. Ni sababu inayoliondoa kosa lenyewe. Mtu aliyevunja mlango wa jirani ili amtoe mtoto ndani ya nyumba inayoungua hahitaji kuomba radhi kwa kuuvunja mlango.

Basi kitendo kisichohalalishika kinaweza kuwa na sababu, kikawa na visingizio, na mtendaji wake akawa hata na udhuru kidogo. Kinachokosekana ni uhalali.

Kutoka Koboko hadi Kampala

West Nile haikuwa sehemu ya Uganda tangu mwanzo. Ilikuwa ndani ya eneo la Lado, lililokuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Baada ya kifo cha Leopold mwaka 1909 eneo hilo liliingizwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Chini ya Waingereza, vijana wa Kilugbara, Kikakwa, Kialur na Kimadi walichukuliwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya kusini, au waliandikishwa jeshini. Jeshi likawa mojawapo ya milango michache iliyokuwa wazi kwa kijana maskini wa huku.

Idi Amin, ambaye nasaba ya baba yake ilikuwa ya Wakakwa wa Koboko, alipitia mlango huo. Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alitwaa madaraka.

Muda mfupi baadaye wanajeshi wengi wa makabila ya Waacholi na Walango walianza kuuawa kambini. Sababu ilikuwepo: Obote alikuwa Mlango, na utawala mpya ulihofia kwamba askari hao wangemrudisha. Wala hofu yenyewe haikuwa ndoto tupu, kwa kuwa mnamo Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliivamia Uganda wakitokea Tanzania. Hata hivyo, wale waliouawa kambini hawakuuawa baada ya kuonekana kwamba walishiriki njama fulani. Waliuawa kwa ajili ya kabila lao na majina yao.

Mwezi Agosti 1972, Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, naye akawapa siku 90. Alidai kwamba wanaudhoofisha uchumi wa nchi. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka, wakiwemo wengi waliozaliwa Uganda na wasiokuwa na nchi nyingine waliyoijua. Huu ndio mfano niliouahidi. Kufukuzwa huko kulihalalishwa kwa amri za serikali. Kulikuwa na karatasi, mihuri na tarehe. Lakini hakukuhalalishika, maana muuza duka mdogo alinyang'anywa maisha yake bila ya yeye binafsi kushtakiwa kwa lolote.

Mfano wa kisingizio pia tunao. Tarehe 16 Februari 1977 waliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari. Hapo utawala haukujaribu hata kuhalalisha, ulificha. Nasi tunajifunza jambo moja kutokana na kuficha huko: anayetafuta kisingizio huwa anajua moyoni kwamba uhalali hana.

Mzigo wa jina

Watu wa nchi nyingine huizungumzia West Nile kama kwamba eneo zima lilitawala pamoja na Amin. Historia haikubali. Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, aliondolewa katika cheo chake mwaka 1974, kisha mwili wake ukaonekana katika mto Nile. Mwezi Machi mwaka huo huo Brigedia Charles Arube, Mkakwa kama Amin, aliongoza jaribio la kumpindua, akafa. Zaidi ya hao, wakulima wa mihogo na tumbaku katika vijiji vya Arua hawakupata majumba ya Kampala. Kwao utawala wa Amin ulikuwa redio, uhaba wa chumvi na sabuni, na mtoto aliyeondoka kwenda jeshini.

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Amin yaliuvamia mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Tanzania ilijibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliopigana upande wao, yaliendelea kaskazini hadi yakafika Arua mwanzoni mwa Juni 1979. Wanajeshi wa Amin na familia nyingi walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka kuingia Zaire na Sudan.

Mwanzoni mwa Oktoba 1980 waliokuwa wanajeshi wa Amin walirudi kwa silaha na kuzishambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la Uganda, lililojulikana kama UNLA, liliposonga mbele kuwakabili, halikuishia kwa waasi. Raia waliuawa, nyumba zilichomwa, mji wa Arua uliporwa. Wengi katika jeshi hilo walikuwa Waacholi na Walango, ndugu wa wale waliouawa kambini mwaka 1971. Mamia ya maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia ng'ambo ya mpaka.

Waliobaki walitafuta mahali pa kujisitiri. Katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, kilomita chache kutoka mjini Arua, wanawake, wazee, watoto na wagonjwa walikusanyika wakiamini kwamba uzio wa misheni ungeheshimiwa. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliingia na kuwafyatulia risasi. Waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 100. Hadi leo Ombaci ina mnara wa ukumbusho wao.

Kuzipima sababu

Sasa tuyatumie maneno yetu manne kwa tukio la Ombaci.

Je, sababu ilikuwepo? Ilikuwepo. Askari wengi walikuwa na ndugu waliouawa na utawala wa Amin. Kulikuwa na vita, na waasi walikuwa karibu. Mwanahistoria anayekataa kuzitaja sababu hizi hawatendei haki waliokufa, kwani bila kuzijua hatuwezi kuzuia tukio la namna hiyo lisirudi.

Je, udhuru ulikuwepo? Uchungu wa kufiwa, hofu ya vita na amri za wakubwa ni mambo ya kweli. Pengine hakimu angeyazingatia anapopima adhabu ya askari mmoja mmoja.

Je, uhalali ulikuwepo? Hapana. Ili risasi iwe halali ni lazima anayepigwa awe anapigana, au awe tishio ambalo haliwezi kuzuiwa kwa njia nyingine. Askari aliyemjibu mwasi mwenye bunduki barabarani alikuwa na uhalali. Aliyempiga mtoto uani kwa misheni hakuwa nao, wala hakuna maelezo ya kabla au ya baada yanayoweza kumpa. Mtoto huyo hakuwa Kagera mwaka 1978, wala hakuwa kambini mwaka 1971, na huenda alikuwa hajazaliwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kukumbuka kwamba hata methali zetu zinaweza kutumiwa kutengeneza uhalali wa bandia. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." "Mtoto wa nyoka ni nyoka." "Dawa ya moto ni moto." Methali hizi zina mahali pake. Ya kwanza hutuonya kuhusu marafiki wabaya, na ya pili hutukumbusha kwamba malezi hurithiwa. Lakini zikitolewa pale zilipo na kufanywa kanuni za hukumu, huwa hatari kubwa. Askari anayemwambia mwenzake kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka amekwisha kumhukumu mtoto kabla hajamwona. Watu si samaki katika kapu moja.

Tuone pia jinsi wazo lilivyozunguka. Mwaka 1971 Waacholi na Walango waliuawa kwa kuwa Obote alikuwa mtu wao. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa kwa kuwa baadhi yao walikuwa matajiri. Miaka ya 1980 na 1981 Walugbara, Wakakwa, Waaringa na Wamadi waliuawa kwa kuwa Amin alikuwa mtu wao. Waathirika walibadilika, kanuni ikabaki ile ile: jina lako ni hatia yako. Aliyeikubali kanuni hiyo ilipomfaa hakuwa na neno la kuipinga ilipomgeukia.

Sheria inasemaje

Wanadamu wamejaribu kuliandika wazo hili katika sheria. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949 unakataza mtu kuadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda yeye mwenyewe, na unakataza adhabu za pamoja. Itifaki ya Pili ya mwaka 1977 inaupeleka mwiko huo katika vita vya ndani ya nchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, wa mwaka 1984, unasema kwamba hakuna hali yoyote, iwe vita, tishio la vita au machafuko, inayoweza kutolewa kuhalalisha mateso; wala amri ya mkubwa haiwezi kutolewa.

Nchini Uganda, serikali iliyoingia mwaka 1986 iliunda tume ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu tangu mwaka 1962, chini ya uenyekiti wa Jaji Arthur Oder. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1994. Katiba ya mwaka 1995 ilifuata, na ibara yake ya 44 inazitaja haki ambazo haziwezi kuondolewa kwa vyovyote vile: kutoteswa, kutotiwa utumwani, kusikilizwa kwa haki mahakamani, na kuletwa mbele ya mahakama ukiwa umezuiliwa.

Angalia namna sheria hizi zilivyojengwa. Hazisemi kwamba mtesaji atakosa sababu. Zinajua kwamba atakuwa nazo nyingi. Zinasema tu kwamba mlango wa uhalali umefungwa kabla yeye hajafika. Hiyo ndiyo maana kamili ya kisichohalalishika katika lugha ya sheria.

Neno hili halina upande

Tungekosea kama tungemaliza hapa, kana kwamba watu wa West Nile walitendewa tu, wasitende. Katikati ya miaka ya 1990 kundi la waasi la West Nile Bank Front, likiongozwa na Juma Oris, aliyekuwa waziri wa Amin, lilipigana na serikali. Liliwavizia wasafiri barabarani na kutega mabomu ya ardhini ambayo yaliwakata miguu watu wa eneo lile lile lililodai kulitetea. Kumbukumbu ya Ombaci inaweza kuwa sababu ya hasira yao. Haiwezi kuwa uhalali wa bomu njiani, kwa maana bomu hilo halikumuuliza mpitaji alikuwa wapi mwaka 1981.

Baadaye ilikuja Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, na tarehe 24 Desemba 2002 serikali ilitia saini mkataba wa amani na kundi la UNRF II huko Yumbe. Wapiganaji walirudi nyumbani. Wapo wanaoona kwamba kusamehe ni sawa na kusema hapakuwa na kosa. Lugha yenyewe inawajibu. Aliyetenda halali hasamehewi, kwa sababu hana la kusamehewa. Kumwambia mtu "nimekusamehe" ni kumwambia pia "ulinikosea". Msamaha unaweza kulifuata jambo lisilohalalishika. Hauwezi kulibadilisha likahalalika. Ndiyo maana amani ya Yumbe na mnara wa Ombaci vinaweza kusimama pamoja katika eneo moja bila kupingana.

Hata Kiswahili kimebeba hukumu ya namna hii. Kwa kuwa kilikuwa lugha ya jeshi, na kwa kuwa Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, Waganda wengi wa kusini walikisikia kwa mara ya kwanza kinywani mwa askari aliyeshika bunduki. Wengine walikiita lugha ya wanyang'anyi. Sababu ya chuki hiyo inaeleweka kabisa. Lakini lugha ile ile ndiyo inayouza samaki wakavu na vitenge kati ya Arua na soko la Ariwara huko Kongo. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili.

Leo wilaya ya Yumbe ina makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yanayohifadhi zaidi ya watu 200,000 kutoka Sudan Kusini. Wazee wengi wanaowapokea walikuwa wakimbizi wenyewe, wengine katika nchi hiyo hiyo wanakotoka wageni wao. Hapana anayemuuliza mama anayeingia na watoto wake kwamba jenerali gani ni wa kabila lake. Au, akiulizwa, sasa tunalo neno la kuliita swali hilo.

Basi, mwanafunzi, ulitumie neno hili kwa uangalifu. Usiliseme juu ya kila jambo lisilokupendeza, maana neno linalotumika kwa kila kitu huishiwa nguvu. Kabla hujasema "hakihalalishiki", sikiliza kwanza sababu, chambua kisingizio, pima udhuru. Ukiisha kufanya hivyo, na uhalali usionekane, liseme bila kusita, hata kama mtendaji ni mtu wa kwenu.

Maswali ya kutafakari

1. Tunga sentensi nne, kila moja ikitumia neno moja kati ya haya: sababu, kisingizio, udhuru, uhalali.
2. Eleza tofauti kati ya "adhabu iliyohalalishwa" na "adhabu inayohalalishika".
3. Taja methali moja ya lugha ya kwenu inayoweza kutumiwa kuwahukumu watu kwa jumla. Je, ipo nyingine inayoipinga?